Nimepata kazi ya uuguzi Leicester, ila hesabu ya nyumba inanichanganya. Wenye uzoefu nisaidieni

MamaDori

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu. Nataka majibu ya watu wenye namba, maana ya "nenda tu dada, Mungu yupo" nimeshayapata ya kutosha kanisani na kazini.

Mimi ni muuguzi, nina shahada, niko hospitali ya serikali hapa Dar. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ana miaka miwili. Mshahara wangu ukishapita kwenye kodi, mfuko wa pensheni, bima ya afya na ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, mkononi nakuta laki saba na ushee. Wa mume wangu hauko mbali na hapo. Hatulali njaa. Nalisema mapema ili mjue sikimbii njaa.

Kinachotumaliza ni nyumba. Tunapanga vyumba viwili na sebule Gongo la Mboto, laki mbili na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba hapokei kodi ya mwezi mmoja. Ni miezi sita kwa mkupuo. Kila ikifika Juni na Desemba tunatakiwa tutoe milioni moja na nusu kwa siku moja, kwa hiyo nakopa kwenye kikoba chetu cha wauguzi, miezi mitano tunalipa kikoba, wa sita tunavuta pumzi, halafu nakopa tena. Juzi kamtuma mwanae aje kutuambia kwamba mkataba ujao ni laki tatu. Koki ya jikoni inavuja tangu mwaka jana na hajaigusa. Sababu yake ni kwamba mwendokasi wa barabara ya Nyerere unafika huku, kwa hiyo "mtaa umepanda hadhi".

Kiwanja tunacho, Chanika, mita 20 kwa 20. Msingi ulisimama kabla mdogo hajazaliwa, na hadi leo ni msingi. Kila tukipata laki mbili tatu za kununua tofali, unaingia msimu wa kodi na zinakwenda huko.

Sasa ofa yenyewe. Tanzania iko kwenye ile orodha nyekundu ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya, waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kutafuta wauguzi huku, lakini mtu binafsi hazuiwi kuomba mwenyewe. Nikaomba. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS nimepita, mtihani wa kompyuta wa NMC (baraza la wauguzi la Uingereza) nimepita, nikafanyiwa usaili kwa video, na hospitali moja ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya kule, mjini Leicester imenipa kazi. Daraja la mshahara ni bendi ya 5, pauni 31,049 kwa mwaka. Kwa pauni ya shilingi 3,300 hivi hiyo ni zaidi ya milioni 102 kwa mwaka, yaani milioni nane na nusu kwa mwezi. Mama mkwe aliposikia alipiga vigelegele.

Mume wangu hakupiga. Alikaa kimya, kisha akaniuliza: "Tunatoka nyumba ya kupanga Gongo la Mboto tunakwenda nyumba ya kupanga Leicester. Hapo tumepata nini?" Sijaweza kumjibu hadi leo.

Kwa hiyo nauliza. Baada ya kulipa nyumba, kinabaki kiasi gani hasa? Niende peke yangu au na familia? Na hizo pauni zitakuja kugeuka nyumba yetu kweli, huku au kule, au nitazeeka nikimlipa mwenye nyumba wa aina nyingine?

Mpiganaji255

Dada, mbona hili halina mjadala? Milioni nane kwa mwezi! Hapa hata ukipandishwa daraja mara tatu huifikii. Panda ndege, mengine utayapangia hukohuko.

Sista_Tabora

MamaDori mdogo wangu, hongera kwanza. Kupata ofa ukiwa nyumbani, bila wakala wa kukutafuna, si jambo dogo. Mimi niko Leicester hapo hapo, wodi ya wazee, nilikuja 2019. Nitakujibu kwa namba kama ulivyotaka, na mkuu hapo juu anisamehe, mjadala upo.

Hiyo milioni nane na nusu usiishike kichwani, haipo. Pauni 31,049 ikishakatwa kodi ya mapato, bima ya taifa na pensheni ya NHS, kinachoingia benki ni kama 1,980 kwa mwezi. Na hicho ni baada ya kufaulu OSCE, mtihani wa vitendo unaofanyiwa huku, na kupata PIN, namba yako ya usajili wa uuguzi. Miezi ya mwanzo, kabla ya PIN, utalipwa bendi ya chini.

Ukiwa peke yako utapanga chumba, si nyumba. Mimi nilianzia kwenye zile nyumba za matofali mekundu zilizoungana mtaa mzima. Vyumba vinne, kila chumba na mtu wake, jiko moja, na kwenye friji kila mtu ana rafu yake yenye jina. Nililipa 480 umeme na gesi zikiwa ndani. Siku hizi chumba kama kile ni 550, hata 600. Msimu wa baridi dirisha lilikuwa linatiririka maji upande wa ndani, na ukuta nyuma ya kabati ukaota ukungu mweusi hadi sare zangu za kazi zikawa zinanuka uvundo. Nilipomwambia mwenye nyumba, aliniletea chupa ya dawa nifute mwenyewe. Kwa hiyo usidhani ile koki yako utaiacha Gongo la Mboto.

Chumba 550, chakula 200 ukipika mwenyewe, basi 65, simu 15, na 100 ya viatu, koti na dharura. Jumla 930. Unabakiwa na 1,050 hivi, ambayo ni kama milioni tatu na nusu za nyumbani kila mwezi. Hizo zipo kweli, nimeziona kwa macho yangu na nimezituma.

Sasa lete familia. Chumba hakitoshi, unatafuta fleti au kinyumba cha vyumba viwili, 950 kama umebahatika. Hapo gesi na umeme haviko ndani. Nyumba nyingi za kupanga zina mita ya kulipia kabla, ni LUKU tu, ila Januari inakula pesa wakati wewe umelala. Ongeza 150. Kodi ya halmashauri 120 au zaidi. Maji, basi na simu. Chakula cha watu wanne 450. Unafika 1,800 na hujamvalisha mtoto koti. Mkubwa shule ni bure. Huyo mdogo wa miaka miwili ndiye mtihani, kwa sababu viza yako itaandikwa kwamba huna haki ya fedha za umma. Msaada wa chekechea wanaopata wazazi wanaofanya kazi, nyie wawili hamtaupata. Kuna saa 15 za bure kwa wiki kwa watoto wote, lakini ni kuanzia miaka mitatu. Kabla ya hapo chekechea ya kutwa inaweza kumeza mshahara mzima wa mzazi mmoja. Ndiyo maana utakuta baba anafanya zamu za usiku ghalani, mama zamu za mchana wodini, wanapishana mlangoni na funguo. Nimeona ndoa nzuri zikichoka kwa mtindo huo.

Zuri ni kwamba wewe ni muuguzi. Wahudumu wa matunzo walizuiwa kuleta familia kuanzia Machi 2024, na Julai 2025 wakafungiwa kabisa kuajiriwa kutoka nje. Wauguzi bado wanaruhusiwa kuja na mwenza na watoto, na mwenza anaweza kufanya kazi yoyote. Mumeo hata akianza na kima cha chini, ambacho kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, akifanya wiki nzima analeta kama 1,700 mkononi. Hapo mnapumua. Ila ajiandae moyo: mwalimu wa Tanzania haingii darasani huku mara tu akishuka.

Sasa swali la mumeo. Mimi naliona ndilo swali lenyewe, na nalijibu kwa mfano wa wodini kwetu. Tuko wawili tulioanza mwaka mmoja, bendi moja, mshahara mmoja hadi senti. Mwenzangu ni mzaliwa wa hapa. Bibi yake alipofariki nyumba ikauzwa, wazazi wakampa fungu, akaliweka kama malipo ya awali, akanunua nyumba. Leo anachorejesha benki kila mwezi ni pungufu ya ninachomlipa mwenye nyumba wangu, na mwisho wa mkopo nyumba ni yake. Hanizidi juhudi, na ni rafiki yangu, hana neno. Lakini kila mwaka pengo letu linapanuka wakati tunavaa sare ileile. Takwimu za kaya zilizokusanywa huku kati ya 2018 na 2020 zinaonyesha asilimia 10 ya kaya tajiri zaidi zilishika asilimia 43 ya mali yote, na nusu yote ya chini ikagawana 9. Mwaka 1997 nyumba ya kawaida England ilikuwa kama mishahara mitatu na nusu ya mwaka. Mwaka 2024 ni saba na zaidi, na London kama kumi na moja. Mgeni anaingia kwenye foleni hiyo kwa mkono mtupu, hana bibi wa kumwachia nyumba.

Kwa hiyo kwa mshahara peke yake, huku unahama tabaka la wapangaji wa Dar unaingia tabaka la wapangaji wa Leicester. Mumeo kasema kweli. Inalipa pale tu ile 1,050 inapotoka huku kabla hujaizoea na kwenda kuwa tofali mahali ambapo pauni bado ina nguvu. Ukiizoea, imekwisha. Utachukua gari la mkopo, likizo ya mkopo, simu ya mkataba, na baada ya muda utakuwa na maisha mazuri yasiyo na kitu chini yake. Nawajua wengi, wengine nimesali nao.

Na London usiende hata wakikupa posho ya jiji. Kodi ya nyumba ya kule inaila posho hiyo na kurudi kudai nyingine.

FundiSaiti

Mama Dori, salaam. Mimi ni fundi, saiti zangu nyingi ni Chanika, Msongola na Pugu, na nusu ya wateja wangu wako nje.

Msingi uliokaa muda mrefu usiudharau, ila kabla ya kupandisha tofali mwite fundi aupime upya, aangalie pembe na sehemu ambazo mvua imechimba. Kutoka hapo hadi juu ya lenta, nyumba ya vyumba vitatu inakula tofali za inchi sita elfu mbili na zaidi. Sasa sikiliza kitu ambacho watu wa nje hawaambiwi: boma ndiyo sehemu rahisi. Boma likisimama mtu anajipiga picha, anadhani amemaliza, kumbe hajafika hata nusu ya pesa. Mbao za kenchi, bati, madirisha ya alumini, plasta, vigae, mabomba, umeme, shimo la maji machafu, hapo ndipo maboma mengi ya Chanika yameota miti.

La pili, usimtumie ndugu pesa taslimu. Nina mteja yuko Marekani alikuwa akimtumia kaka yake fedha za saruji, na kaka akawa anampiga picha nyumba ya jirani inavyopanda. Aliporudi likizo alikuta jamvi. Lipa duka la vifaa moja kwa moja kwa simu, duka liandike hati ya mzigo, mifuko ishushwe mumeo akiwepo na ahesabu. Fundi alipwe kwa hatua, si kwa siku.

Na la karatasi: kama mliuziana kwa mkataba wa serikali ya mtaa tu, anza upimaji na hati sasa hivi, kabla hujaondoka, na jina lako liwemo.

Mwl_Kigamboni

Naomba niseme upande ambao hausemwi kwenye mijadala hii. Mimi ni mwalimu kama mume wa dada, na sikuondoka. Kabla daraja la Kigamboni halijafunguliwa mwaka 2016, mwalimu alijinyima mwaka mmoja au miwili akapata kiwanja huku ndani. Leo mtaani kwangu viwanja vingi vimezungushiwa ukuta, geti limepigwa kufuli, ndani ni majani na mlinzi mmoja. Ukiuliza mwenyewe, yuko nje, au ni mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye vingine vitano. Kimoja kilichobaki wazi kinatajwa kwa bei ya mtu mwenye pauni, na dalali ananiambia usoni, "Mwalimu, hiki si cha kwako."

Benki nako riba ya mkopo wa nyumba ni kubwa, na wanaokopeshwa nyumba nchi nzima ni maelfu machache tu. Kima cha chini cha watumishi wa umma kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, tunashukuru, lakini bei ya ardhi ilishatangulia zamani. Sista kaeleza vizuri jinsi mwenye bibi mwenye nyumba anavyomwacha asiye naye kule Leicester. Huku kwetu aliye na ndugu nje ndiye anayemwacha asiye naye. Ni jambo lilelile.

Dada, simaanishi usiende. Nenda, una haki, na hospitali zetu zimeshindwa kukuweka. Ninachokuomba ni kwamba ukipata, jenga hicho kiwanja kimoja muishi. Ukija kujenga cha pili ukapangisha, usimdai mpangaji miezi sita kwa mkupuo. Unajua mwenyewe inavyouma.

Ng'ambo_Maskati

Dada yangu, mie niko Maskati, kwetu Unguja. Huku mshahara haukatwi kodi ya mapato na tajiri wangu ananipa pa kulala, basi hata kikiwa kidogo kinabaki. Lakini huku kila mtu anajua: kazi ikisha, viza imekwisha, unarudi kwenu. Ndiyo maana tokea mwezi wa kwanza nilikuwa napeleka fedha Fuoni, na nyumba ya mama ishaezekwa. Uingereza wanakuonesha mlango wa kubaki, na kwa ninavyowaona jamaa zangu walioko kule, mlango ule ndio unaowachelewesha. Hawajengi kwao kwa kuwa wanasema watabaki, na hawanunui kule kwa kuwa hawawezi. Wewe na mumeo amueni kabla ya safari kama mnakwenda kuchuma au mnakwenda kuhamia. Hesabu zake ni mbili tofauti.

Sista_Tabora

Ng'ambo kasema kitu. Niongezee hapo hapo: ukazi wa kudumu ulikuwa unaombwa baada ya miaka 5, lakini mwaka 2025 serikali ya huku ilitangaza nia ya kuufikisha miaka 10 kwa walio wengi. Ada ya kuomba ni zaidi ya pauni 3,000 kwa kila kichwa, na mko wanne. Iweke kwenye hesabu toka mwanzo. Halafu ukichukua uraia wa Uingereza unapoteza wa Tanzania, maana sheria yetu kwa mtu mzima hairuhusu uraia pacha, na hapo habari ya ardhi inabadilika. Wenye asili ya Tanzania wametengenezewa utaratibu wa hadhi maalumu mwaka 2025, lakini mimi nimebaki na pasipoti yangu na nina amani na hati yangu ya Tabora. Ukazi wa kudumu haugusi uraia wako.

MamaDori

Nimesoma kila jibu pamoja na mume wangu, mengine tumerudia mara mbili. Asanteni sana. Mwl_Kigamboni, mume wangu anasema amekuelewa kuliko wote.

Tumekubaliana hivi. Tunakwenda kuchuma, na tunalisema hivyo hata mbele ya mama mkwe. Mimi natangulia peke yangu, napanga chumba. Mkataba wa laki tatu hatusaini. Mume wangu na watoto wanahamia kwa mama yake Ukonga, kuna vyumba viwili vya uani, na mkubwa anaweza kubaki shule ileile. Hapo tunaokoa kodi, na kikoba nakimaliza kabla ya safari. Fedha za kwanza ni kupandisha boma na kupaua, mume wangu akisimamia na FundiSaiti nitakutafuta kwa ujumbe. Karatasi za upimaji tumeshaanza, ukweli ni kwamba tulikuwa na mkataba wa mtaa tu.

Kinachobaki kunichoma ni mdogo. Ana miaka miwili. Hiyo sijui inaandikwa safu gani kwenye hesabu, na sitaki mtu aniambie atazoea. Tumepanga akifikisha mitatu, aanze kupata zile saa 15, waje wote tuangalie upya kama mshahara wa mume wangu utatosha kubeba nyumba ya vyumba viwili. Kama haitoshi, nitarudi Chanika mapema zaidi na chochote kitakachokuwa kimesimama.

Sista, swali la mwisho. Wakati wa kupanga chumba wanataka nini? Kuna mtu kaniambia nije na kodi ya miezi sita mkononi, nikashtuka kwamba na kule ni hivyohivyo.

Sista_Tabora

Dhamana kisheria haizidi kodi ya wiki 5, na kama unapanga kwa mkataba wa kawaida wa upangaji lazima mwenye nyumba aisajili kwenye mfuko wa kulinda dhamana ulioidhinishwa na serikali. Dai karatasi yake. Miezi sita ya mbele walizoea kuwadai wageni wasio na mdhamini, lakini sheria mpya ya wapangaji iliyopitishwa Oktoba 2025 inawakataza kudai zaidi ya mwezi mmoja kuanzia Mei 2026. Kabla ya yote waandikie hospitali uulize kama wana vyumba vya wauguzi wapya. Nyingi huwapa wageni pa kukaa wiki za mwanzo, na hapo unapata muda wa kwenda kukiona chumba kwa macho kabla ya kutoa hata senti. Ukienda kukiona, sogeza kabati uangalie ukuta wa nyuma. Nitumie tarehe ya ndege, nitakupokea stendi.